Gari la Mabomba Lililosimamishwa Ngagara

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeona mtu akilipa ili nimbandikie picha ya mama mkwe wake nyuma ya lori, kwa hiari yake, bila kushikiwa panga. Nimeona mteja akilia mbele ya kazi yangu mpaka ikabidi nimpe kiti. Mtu aliyeanza na wembe mmoja na rula ya mbao pale Buyenzi, Bujumbura, leo ana karakana tatu, mashine mbili za kukatia stika na mafundi kumi na mmoja wanaomwita patroni, huyo hashangai ovyo. Ndiyo maana mwezi uliopita, kadi ya harusi ya binti wa Mwalimu Masumbuko ilipofika mkononi mwangu, sikusema nimeshangaa. Nilisema joto limenizidi, nikakaa. Mke wangu aliniangalia tu. Anajua kwamba Masumbuko alirudi kwao Uvira miaka mingi iliyopita, na anajua pia kwamba ukimtoa yeye mwenyewe, duniani kuna watu wawili tu wanaojua jambo langu moja, na wote wawili wangekuwa kwenye harusi hiyo: Mwalimu na mkewe. Jambo lenyewe ni hili. Mwaka ule wenye mabasi walipokuwa wakipanga foleni mlangoni kwangu ili niwaandikie magari yao, mimi, fundi wa maandishi niliyesifiwa mji mzima, nilikuwa sijui kusoma.

Habari za wazazi wangu na kwa nini niliacha shule darasa la tatu sizileti hapa, kila mtu ana zake. Nitaanzia kwenye kibanda. Kilikuwa cha mabati, kati ya mchomeleaji na muuza vipuri, na saa sita mchana ndani mlikuwa na joto la kulainisha stika mpaka inainama kama kitambaa kilicholowa. Ukutani nilitundika herufi zote nilizozikata kwenye maboksi, kubwa na ndogo, na nilizijua moja moja kwa sura zake, kama unavyojua sura za majirani ambao hujawahi kuongea nao. A ilikuwa ngazi ya fundi wa umeme. E ilikuwa kitana kilichovunjika meno. R ilikuwa mtu anayepiga mpira. Mteja akija nilimwambia aandike maneno yake kwenye karatasi, kwa sababu mimi naheshimu mkono wa mteja, halafu nilimpelekea ile karatasi mama wa maandazi wa pembeni, nikamwambia, hebu ona mwandiko wa huyu mutu, unaweza kweli kusoma? Naye kwa kutaka kunionyesha anaweza, alisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mikono, na mikono ninayo. Nilikuza herufi za karatasi mpaka zikajaa ubavu wa gari, nikazipa vivuli, nikazipa miali ya moto, nikazipa fedha inayong'aa kama kioo. Basi lililopita kwangu hukuhitaji kulisoma. Konvwayeri alining'inia mlangoni akitaja kwa sauti linakokwenda, na maandishi yalikuwa urembo tu, kama hereni. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilidhani ninaandika.

Masumbuko alikuja mwanzoni mwa mwaka, mvua ikiwa bado inanyesha. Alikuwa mwembamba, suruali yake imepigwa pasi ya mstari ingawa mikono ilinuka gundi ya mabomba, na aliongea polepole kama mtu anayewasubiri watu wamalize kunakili. Alifundisha shule Uvira miaka mingi, mingine bila mshahara, mwisho akavuka mpaka na familia yake, akajifunza kazi ya mabomba kwa shemeji yake hapa Bujumbura. Akiba yote ya nyumba yake alikuwa ameinunulia basi dogo la zamani lililowahi kubeba abiria wa Ngagara, akang'oa viti, akapakia mabomba, koki, sinki na mabakuli ya choo. Kulikuwa na tajiri mmoja Kigobe anayejenga nyumba sita, na tajiri huyo alimwambia wazi kwamba hampi kazi mtu anayekuja na mabomba begani juu ya baiskeli. Anataka fundi mwenye gari, na gari lijulikane ni la nani. Masumbuko akanipa karatasi yenye kazi zake zote, mistari kumi na saba. Nikamwambia, Mwalimu, we nenda, urudi Ijumaa, utalia.

Na kweli Ijumaa alilizunguka lile gari mara mbili, na mimi nikahesabu kwamba ni furaha. Nilikuwa nimeliwekea kila kitu. Tai aliyefungua mabawa kwenye boneti. Moto ukitoka kwenye magurudumu ya mbele kwenda nyuma. Mistari yote kumi na saba ubavuni, kwa herufi za fedha zenye kivuli chekundu, na koki kubwa mlangoni inayotema nyota badala ya maji. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Mchomeleaji alizima mashine yake, jambo ambalo halifanyi hata kwa msiba. Mwalimu alilipa, akashukuru, akaondoka, nami nikaenda kwa mama wa maandazi kupokea pongezi.

Jumanne alirudi. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo ilinitia wasiwasi, kwa sababu mtu aliyekasirika unajua utamjibu nini. Alinieleza mambo kwa mpangilio, kama anaita majina ya wanafunzi. Jumamosi alisimama Ngagara kupisha lori, mlango wa pembeni ukafunguliwa, akapanda mama mmoja na kapu la nyanya. Akatazama huku na huku kutafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya bakuli la choo, akaweka kapu mapajani, akauliza wanangojea nani. Nyuma yake wakapanda wengine wawili. Mwalimu akashuka, akawaeleza kwa adabu kwamba hili si basi, ni gari la kazi. Yule mama hakuinuka. Alimtazama, akamwambia, "Baba, kama haibebe watu, mbona munaipamba hivi?" Jumapili watu walisimamisha gari mara nne. Na Jumatatu, siku ya kwenda Kigobe kuonana na tajiri, mlinzi wa pale alitoka nje ya geti mkono juu, akamwambia basi haziingii humu, abiria washukie kule kwenye kona. Mwalimu akaonyesha maandishi. Mlinzi akainamisha kichwa, akakinyoosha, akasogea, akarudi nyuma, kisha akasema hajaona pameandikwa nini. Tajiri alikuwa ndani akingoja fundi wa mabomba, na alipochungulia dirishani aliona basi. Alimpigia simu Mwalimu kumwambia kwamba anampa Jumatatu moja nyingine, basi, baada ya hapo kuna fundi mwingine.

Nilitaka kumwambia kwamba watu wa Kigobe hawajui vizuri. Kabla sijafungua mdomo alinishika kiwiko, akanivusha barabara mpaka upande wa pili, akanigeuza uso kuelekea gari lake. Mchomeleaji alikuwa ameinua kioo chake cha uso. Muuza vipuri alikuwa ameegemea mlango. Mama wa maandazi alisimama na mwiko wake.

"Soma," akaniambia.

Nimeshaanguka kutoka juu ya lori, nimeshaumwa malaria mpaka nikawatukana watu wazima, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilimwambia mi ndiye niliyeandika, nisome ya nini. Akasema nisome tu. Nilimwambia jua liko machoni. Akanisogeza hatua mbili kwenye kivuli. Nilijaribu kuikumbuka sauti ya mama wa maandazi akiisoma ile karatasi, lakini mistari kumi na saba haikai kichwani wiki nzima, na pale mbele yangu hakukuwa na ngazi, hakukuwa na kitana, hakukuwa na mtu wa mpira. Kulikuwa na fedha inayowaka jua la mchana, na vivuli vyekundu vimeshikana mikono. Jasho lilinishuka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Niliona karakana yangu, jina langu, wenye mabasi wote, vikiondoka kimoja kimoja, na majirani wangu wakipata hadithi ya kusimulia maisha yao yote. Mwalimu aliniangalia usoni, si kwa haraka. Halafu akageukia gari, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mchomeleaji:

"Hata mimi sisomi kitu pale. Na mi nimefundisha watu kusoma."

Mchomeleaji alicheka, akashusha kioo chake. Mama wa maandazi akarudi kwenye mafuta yake. Sikuwahi kumpenda mtu kwa haraka kama nilivyompenda Masumbuko dakika ile, na papo hapo nikajua kwamba ananijua. Akaniambia twende kwake tukale, tuzungumze kazi.

Alikuwa akipanga vyumba viwili Ngagara, uani kwa mtumishi mmoja wa serikali. Chumba cha mbele kilikuwa cha kulia, cha kulala watoto na cha kuhifadhi koki, na ukuta mmoja, tangu usawa wa goti mpaka usawa wa kichwa, ulipakwa rangi nyeusi kuwa ubao. Juu yake palikuwa na hesabu za kugawanya. Mkewe, Mama Neema, alituwekea bugali, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa na nyanya, na mboga ya lengalenga iliyotiwa pilipili, akaingia chumba cha pili, akarudisha pazia. Mwalimu akanawa, akakumbuka jambo, akaingia nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeshakata tonge. Pazia ni kitambaa, na Mama Neema hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Hajui kusoma huyo," alisema. "Tangu anakaa anakimbia ule ubao kwa macho. Umepeleka feza yetu yote kwa mutu hajui kusoma."

"Najua."

"Unajua, na unamuleta kula?"

"Njo huyo namutafuta, Mama Neema. Wenye kusoma watasoma kitu chochote, hata gazeti yenye kupasuka. Mi nataka ile yeye atasoma. Gari ikipita mbele yake, akisoma yeye, Bujumbura yote imesoma."

Nimekuwa na umri wa kutosha sasa kusema ukweli kuhusu tonge lile. Nililishika mkononi mpaka likapoa. Mlango ulikuwa hatua mbili, na viatu vyangu vilikuwa nje. Ningeweza kuondoka, na Mwalimu angetafuta fundi mwingine, na mimi ningeendelea na mabasi yangu, na ukuta wa herufi za maboksi, na mama wa maandazi, mpaka siku ambayo mtu mwingine angenivusha barabara. Miaka yote hii nikikumbuka nashangaa, nasema nashangaa ingawa sikusudii, kwamba sikuinuka. Nadhani nilikuwa nimechoka kuliko nilivyojua. Aliporudi na kukaa nikamwambia, "Mwalimu, nimesikia." Akachukua samaki, akaniambia, "Basi tumepunguza kazi."

Wiki ile ndiyo mwaka wangu wote. Asubuhi tulibandua. Stika ya fedha haitoki kwa nguvu, inatoka kwa joto, kwa hiyo tuliegesha gari juani, tukangoja gundi ilegee, nikaingiza kucha chini ya kila mwali wa moto niliokuwa nimeukata kwa siku mbili, nikauvuta. Mama Neema alileta maji ya moto na sabuni, na hakuficha kwamba anafurahi kumwona tai akiondoka. Mchana, mji ulipofunga maduka kwa joto, tulikula, halafu Mwalimu akafuta hesabu za watoto upande mmoja wa ubao. Siku ya kwanza aliniambia niende dukani nikanunue daftari, kalamu ya risasi na gomu ya kufutia, kwa fedha yangu mwenyewe, maana ada hataki, lakini vifaa haviazimwi. Alianza na neno ambalo mji mzima tunalitumia kwa fundi wa mabomba, PLOMBIER, akasema hilo ndilo tutakalolisoma kwanza kwa sababu ndilo litakalotulisha. Herufi nane. Nilizijua zote kwa sura. Kilichonitoa machozi, nikasingizia pilipili, ni kuziona zikishikana na kutoa sauti.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikwenda kwenye mlima wa Gihosha kufanya mtihani. Alikuwa ameshaona jambo ambalo mimi, bingwa, sikuliona: pale mlimani gari lenye mzigo linapanda kwa gia ya kwanza, na watu wote walio nyuma yake wanaliangalia mgongo, wapende wasipende. Kwa hiyo mgongo ndio ubao. Kingine ni mlango wa kusukuma. Magari haya yanatoka Japani, mlango uko kushoto, na kwetu kushoto ndiko yanakopita magari mengine. Fundi wa mabomba anafanya kazi mlango ukiwa wazi siku nzima, na ukiwa wazi unafunika nusu ya ubavu. Namba yake ya simu niliyoiandika mwanzo, nzuri ilivyokuwa, iliishi chini ya mlango. Safari hii tuliiweka mbali nao. Mimi nilisimama kando ya barabara, yeye akateremka na gari, akageuza, akapanda mbele yangu, na ilinibidi nimwambie nimesoma nini. Mara ya kwanza nilisoma P, L na O, gari likawa limeshapita. Herufi nyembamba, zimebanana. Tukazikata upya, nene, nyeusi juu ya nyeupe, na katikati yake pumzi ya kutosha. Kesho yake nilisoma neno zima lakini namba ikanitoroka, kwa sababu tarakimu nane kwa mstari mmoja ni kundi la mbuzi wanaokimbia. Tukazifunga mbili mbili, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidole. Mistari kumi na saba ya kazi zake aliniambia niitupe yote. Niliomba tubakize tai hata mdogo. Alikataa. Tulibakiza koki moja tu, na nyota zikawa tone moja la maji.

Siku ya tatu gari lilikuja kutoka chini, likanipita, likapanda. Nilisoma PLOMBIER. Nilisoma namba, mbili, mbili, mbili, mbili. Nilimaliza, na gari bado lilikuwa linahangaika na mlima, likanipa nafasi ya kusoma tena. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara kama mtu aliyeshushwa mzigo. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kukisoma bila kuchezesha midomo. Mwalimu aliegesha juu, akashuka kwa miguu, akaniuliza nimepata nini. Nikamwambia namba yake yote kichwani. Akakaa kando yangu, akachuma jani akalivunja vunja.

Jumatatu nilikwenda naye Kigobe, nimekaa mbele, mikono katikati ya magoti. Tulichukua barabara ya chini, tukapita mbele ya nyumba za tajiri, tukarudi kinyumenyume kwenye geti, kwa hiyo mlinzi alituona kwanza mgongo. Hatukupiga honi. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akisimama, akiangalia, halafu akageuza kichwa ndani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya wiki:

"Patroni, plombier amefika."

Geti lilifunguliwa. Nyumba sita alizipata zote, na kabla ya mwezi kwisha simu yake ilikuwa inalia mpaka Mama Neema akalalamika. Mimi niliendelea kwenda Ngagara kila mchana mwaka mzima, kwa bugali na ubao, na kufikia mvua za mwisho wa mwaka nilikuwa nasoma karatasi za wateja wangu mwenyewe. Mama wa maandazi aliudhika, akaniuliza amenikosea nini. Mabasi niliyapamba bado, sitakudanganya, miali ya moto inalipa. Lakini kila gari la fundi lililotoka kwangu tangu mwaka ule, la umeme, la rangi, la vigae, nilisimama kwanza ng'ambo ya barabara nikalisoma, na nikishindwa kulisoma haliondoki. Leo vijana wenye diploma wanakuja kuniuliza siri ya kazi yangu. Nawaambia ni kipaji.

Sasa turudi harusini, iliyofanyika hapa hapa mjini, kwenye ukumbi mmoja wa Kigobe, ambako nilikaa meza ya karibu na mlango kwa makusudi. Masumbuko amezeeka, anatembea na mkongojo, lakini suruali bado ina mstari. Alipopewa maikrofoni alianza kuwatambulisha watu waliomshika mkono alipokuwa mgeni hapa mjini, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alikuwa na kisa, na watu walicheka. Alisema kisa cha shemeji. Alisema kisa cha yule mama wa nyanya kwenye bakuli la choo, na ukumbi ukapasuka. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza. Wenye mabasi wawili niliowaandikia miaka ishirini walikuwa meza ya pili. Halafu Mwalimu akaninyooshea mkongojo wake.

"Na ule kule," alisema, "njo fundi aliandika gari yangu. Watu waliisoma mpaka siku niliiuza."

Akapita kwa mtu mwingine. Ni hivyo tu. Nilikula wali sahani mbili, nikacheza, mimi ambaye sichezi. Wakati wa kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari na nikamuuliza kwa nini hakusema lile lingine, lingechekesha kuliko la nyanya. Alinitazama kama siku ile ng'ambo ya barabara.

"Niseme nini, kaka? Mwanafunzi alipita mutihani."

Kwa hiyo nalisema mimi, na ninaliandika kwa mkono wangu, kila herufi. Mama Neema alikuwa ameshakaa kwenye gari, akachungulia dirishani kuniuliza kama lile daftari bado ninalo. Ninalo. Liko kwenye kabati la chuma pamoja na hati za karakana zote tatu, na nilipofika nyumbani nililitoa. Nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa mtu anayeshika kalamu kama wembe, kuna hesabu ya kwanza niliyowahi kuiandika mwenyewe, ya vitu nilivyonunua siku ile dukani Ngagara. Daftari mia nne, kalamu ya risasi mia moja, gomu hamsini. Jambo nililoona litanigharimu jina langu lote lilinigharimu faranga mia tano na hamsini.